Mrejesho: Nimeshatolewa mtoto wa jicho

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama nikubali upasuaji wa mtoto wa jicho, maana niliogopa kupofuka kabisa. Nimekubali. Jicho la kulia, leo wiki ya tatu.

Kisu nilichokiwazia usiku kucha sikukiona. Walinitia ganzi ya matone, nikawa macho muda wote, naona mwanga tu na maji yakinichuruzika shavuni. Dakika kama 20, lenzi ya jicho langu iliyoingia ukungu (ndio huo mtoto wa jicho) imetoka, ya bandia imeingia, na jioni nimelala kwangu.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, bluu ndiyo iliyonishtua. Kanga ya mke wangu niliyoijua kuwa ya kijivu, kumbe bluu! Nikifumba jicho la kulia ukuta una rangi ya chai. Nikifumba la kushoto, mweupe pepepe. Nimeucheza mchezo huo kama mtoto. Mikunjo ya uso wangu kwenye kioo, hiyo sikuomba kuiona.

Ila ngazi ziniwie radhi. Macho mawili bado hayapatani, juzi nusura nikanyage hewa. Na lenzi yenyewe ni ya kuonea mbali, kwa hiyo simu na Msahafu vinataka miwani, nayo nitapimiwa jicho likishatulia. Hili ulizeni mapema, mimi sikuuliza.

Matone naendelea nayo, kusugua jicho marufuku. Wiki ya kwanza niliswali kwenye kiti kwa sababu kuinama nako nilikatazwa. La kushoto ni mwezi ujao, na safari hii naenda mwenyewe bila kubembelezwa.