Mjadala: Bonasi ya chai ikianguka, tuilaumu Sudan au tujitazame wenyewe?

Mchambuzi wa Mnada
Kila bonasi, yale malipo ya mwisho wa mwaka ya mkulima wa chai, inaposhuka, wakulima wa Kericho, Bomet, Kisii na Nyamira husomewa orodha ileile: Sudan wanapigana, Pakistan hawana dola, Bahari ya Shamu haipitiki. Swali langu ni dogo: mambo hayo matatu yanabeba kiasi gani cha hasara?

Tuanze na takwimu za Bodi ya Chai. Mwaka 2023 Kenya iliuza nje takriban kilo milioni 523, zikaleta shilingi bilioni 180.6. Mwaka 2024 ikauza kilo milioni 594 na kupata bilioni 181.7. Kilo zimeongezeka kwa zaidi ya milioni 70, pesa zimeongezeka bilioni moja na chenji. Ukigawanya, kilo moja imetoka shilingi 345 hadi 306. Kama vita vilitufungia soko, hizo kilo za ziada zilinywewa na nani? Wanunuzi walikuwepo, ila walilipa kidogo. Hayo ni mambo mawili tofauti na yanachanganywa kwa makusudi.

Karani wa Kilindini
Polepole, ndugu. Vita vya Sudan vilianza 15 Aprili 2023 katikati ya Khartoum, na Khartoum ndiko yalikokuwa makao ya benki za Sudan. Chai ya Mombasa inauzwa kwa dola. Mnunuzi akishashinda loti, yaani fungu la chai mnadani, ana siku chache tu za kulipa, halipi hapewi hati ya kutoa mzigo ghalani. Mteja wake wa Sudan asipoweza kutuma pesa, yeye wa Mombasa hanunui loti nyingine. Hapo hakuna siasa, ni mtaji umekwama.

Pakistan ndiyo zaidi. Mwaka 2022 na 2023 dola ziliwaishia, benki zikasita kufungua LC, ile hati ya benki ya kumdhamini mnunuzi, makontena yakalala bandarini Karachi. Juni 2022 waziri wao Ahsan Iqbal aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili kwa siku. Huyo ni mteja anayechukua zaidi ya theluthi ya chai yetu. Akikohoa, Mombasa inalala kitandani.

Na hizo kilo zako za ziada za 2024 usizitumie kama ushahidi. Nyingi zilikuwa mzigo uliolala maghalani tangu mwaka uliotangulia.

Mchambuzi wa Mnada
Umenisaidia. Zililala kwa sababu gani? Sudan?

Karani wa Kilindini
Kwa sababu ya bei ya chini iliyowekwa, hilo sikatai. Julai 2021 viwanda vya KTDA, shirika la viwanda vya wakulima wadogo, vilizuiwa kuuza chini ya dola 2.43 kwa kilo. Mwanzoni bei ilipanda kweli, tuseme haki. Lakini mnadani pale chai ya KTDA imepangwa pamoja na ya mashamba makubwa, ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, ambayo haikuwa na sharti hilo. Mnunuzi mwenye kichwa anaruka loti ya dola 2.43 ambayo kikombe chake kina thamani ya dola 1.80, anachukua ya jirani. Loti inarudishwa, inaorodheshwa tena, inarudishwa tena.

Chai nayo si mahindi. Inatoka kiwandani na unyevu wa asilimia 3 hivi. Ikikaa kwenye joto la pwani inavuta unyevu, ule ukali wa ulimini unapotea, na kila mwezi ghala linadai kodi yake. Sharti lilipoondolewa mwaka 2024, chai kuukuu ilimwagwa sokoni pamoja na mpya. Unategemea bei ifanye nini?

Fundi wa Kiwanda
Naona wote wawili mnazunguka nyumba bila kubisha mlango. Bei inanyongwa kwenye kapu la mchumaji, kabla chai haijafika hata kiwandani.

Chai ya bei ni majani mawili na chipukizi. Msimu wa mvua shamba linataka kurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 10. Likiachwa wiki tatu, jani la tatu na la nne hukomaa na kufanya nyuzi. Mashine ya CTC, yenye rola za meno, inakata jani changa vizuri, ila nyuzi zinapita na kutokea upande wa pili kama vijiti vya kahawia. Mwonjaji anaviona kwenye sahani kabla birika halijachemka. Jani gumu pia linakupunguzia daraja kuu, yaani BP1, PF1, PD na D1, na kukuongezea yale ya pili, F1 na BMF, ambayo hakuna anayeyagombania. Kwa hiyo unapoteza mara mbili: bei ya loti, na kilo zinazoingia kwenye loti nzuri.

Kisha usafiri. Majani yakishindiliwa kwenye gunia la plastiki badala ya wavu, yakangoja lori kwa muda wa saa saba kando ya barabara, yanapata joto na kuanza kuchacha yenyewe. Ukitia mkono katikati ya gunia utausikia moto. Hakuna mashine inayorudisha jani hilo nyuma.

Kiwandani, kunyausha, yaani kupunguza maji ya jani, kunataka saa 12 hadi 18. Siku za wingi wa majani, kiwanda kilichozidiwa kinafupisha hadi saa sita. Jani linaingia na maji, mashine inaponda badala ya kukata, kikombe kinatoka na ladha ya nyasi. Kuchachusha nako kunakwenda kwa joto la siku: ukikausha kabla ya wakati rangi haijaiva, ukichelewa chai inakuwa kama maji ya jana. Vita vya nchi yoyote haviingii hapo.

Mbona magharibi mwa Bonde la Ufa ndiko kunaumia zaidi kuliko Kirinyaga au Nyeri? Ushindani wa majani mabichi. Karani wa kituo cha kupokea majani akikataa kapu la majani magumu, lori la kiwanda binafsi liko umbali wa mita mia mbili na linalipa taslimu bila kuchambua. Karani akiendelea kukataa, kiwanda chake kinakosa majani. Kwa hiyo anakubali. Baada ya miaka kadhaa kukubali kumekuwa desturi, na bei ya mnadani imekuja kuandika desturi hiyo kwa dola.

Nyamira Juu
Fundi, hapo umewapaka wakulima peke yao. Mkulima hulipwa kwa kilo kila mwezi, awe amechuma jani laini au jani la kufunikia nyumba. Anayechuma laini anachuma kilo chache na analipa mchumaji yuleyule. Kama malipo hayo ya kwanza yangetofautisha ubora, ungeona kapu linabadilika ndani ya msimu mmoja. Na mbolea je? Baada ya Urusi kuingia Ukraine Februari 2022, NPK 26:5:5 ilipanda hadi wengi wakapunguza mifuko. Kichaka kisicho na nitrojeni kinatoa chipukizi chache na majani mengi yaliyodumaa. Hiyo ni vurugu ya nje iliyofika hadi shambani, tena bila kupitia mnadani.

Fundi wa Kiwanda
La mbolea nakubali kabisa. Tena ndiyo vurugu ya nje ambayo hotuba huwa zinaisahau.

Mtu wa Kabale
Niwaongezee kipimo ambacho hakihitaji takwimu za ndani za Kenya. Mnada ni mmoja, Mombasa, Jumatatu na Jumanne. Wanunuzi ni walewale, bahari ni ileile, vita ni vilevile. Rwanda huwa juu kabisa kwenye wastani wa bei, na Uganda huwa karibu na mkia. Kati yao kuna zaidi ya dola moja kwa kilo. Sudan ingekuwa ndiyo sababu kuu, ingetuangusha wote kwa kipimo kimoja. Sisi Uganda tulianguka kwa sababu ya kuchuma kwa mashine bila kuchambua, viwanda kugombania majani, na mkulima kuacha mbolea bei ilipokuwa mbaya, jambo ambalo likazaa bei mbaya zaidi. Kenya ya magharibi inaifuata njia hiyohiyo, na bado iko na nafasi ya kugeuka.

Baharia wa Nchi Kavu
La Bahari ya Shamu nalo lipewe haki yake na lisipewe zaidi. Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli Novemba 2023, na kampuni nyingi za meli zikazungukia Rasi ya Tumaini Jema. Fungua ramani lakini. Mombasa hadi Karachi ni kuvuka Bahari ya Arabu, hupiti Bab el Mandeb, lango la kusini la Bahari ya Shamu. Dubai vilevile. Wanaoguswa moja kwa moja ni wa Misri, Jeddah, Port Sudan na Ulaya. Mteja wetu mkubwa hayumo. Aliguswa kwa pembeni tu, makontena yalipoadimika.

Tufanye hesabu ya mkono. Kontena lenye tani 20 za chai, nauli na bima viongezeke kwa dola 2,000 nzima. Hiyo ni senti 10 za dola kwa kilo. Linganisha na hiyo dola moja ya ndugu wa Kabale.

Karani wa Kilindini
Senti 10 kwenye chai ya dola 2.20 si mzaha, bwana. Faida ya mnunuzi mara nyingi haifiki hapo.

Baharia wa Nchi Kavu
Sikusema ni mzaha. Nimesema ni senti 10.

Mahesabu
Mmesahau jambo ambalo halina uhusiano na vita wala na kapu: shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Tangu katikati ya mwaka ule imesimama kwenye 129 hivi. Chai ya dola 2.20 ilikuwa shilingi 352, ikawa 284. Kilo moja ya chai kavu inakula kilo nne na nusu za majani mabichi, kwa hiyo mkulima amepoteza shilingi 15 kwa kila kilo ya majani bila bei ya mnadani kusogea hata senti.

Mchambuzi wa Mnada
Hesabu nzuri, ila 160 ilikuwa kilele cha wiki chache. Mwaka wa malipo unakwenda Julai hadi Juni. Wastani wa 2023/24 ulikuwa kwenye 145.

Mahesabu
Sahihi, nairekebisha. Kutoka 145 hadi 129 ni shilingi 16. Mara 2.20 ni 35. Gawanya kwa nne na nusu, karibu shilingi 8 kwa kilo ya majani. Sasa chukua bei ya mnadani ishuke kwa senti 20 za dola: ni shilingi 26 kwa chai kavu, chini kidogo ya 6 kwa majani. Yaani hata baada ya marekebisho, shilingi iliyopata nguvu ilikula zaidi kuliko mporomoko wa senti 20. Kiasi kidogo kinarudi kwa upande wa mbolea na mafuta, maana navyo vinanunuliwa kwa dola. Sijui kiongozi gani atasimama jukwaani Bomet aseme bonasi imeshuka kwa sababu shilingi yetu imekuwa imara. Ni rahisi zaidi kutaja Khartoum.

Mzee wa Kumbukumbu
Mchezo huu si mpya. Januari 2011 Misri iliwaka moto, Mubarak akaondoka 11 Februari, benki zao zikafungwa kwa siku kadhaa. Tuliambiwa chai imekwisha, kwani Misri ilikuwa kati ya wateja wetu wakubwa. Mwaka 2010 chai ilileta shilingi bilioni 97. Mwaka huo wa mapinduzi, 2011, ikaleta bilioni 109. Mvua ilikuwa haba, uzalishaji ukashuka kutoka kilo milioni 399 hadi 378, na shilingi ikaporomoka hadi kupita 100 kwa dola.

Ruka hadi 2014. Uzalishaji ulifika kilo milioni 445, rekodi ya wakati huo. Mapato yakaanguka kutoka bilioni 114 za 2013 hadi 101. Mvua njema, chai nyingi, bei mbaya, na bado vurugu za Misri zikatajwa. Leo tunazungumza karibu kilo milioni 600 kwa mwaka, karibu zote zikitoka kwa jumla kwenye magunia ya karatasi, na waonjaji wa nchi nyingine ndio wanaozichanganya na kuzitia kwenye pakiti. Nyani haoni kundule.

Karani wa Kilindini
Mzee, Misri ya 2011 ilifunga benki kwa siku kadhaa kisha ikarudi kununua. Sudan ni mwaka wa ngapi huu? Vurugu fupi na vurugu ndefu si ndugu. Halafu Machi 2025 Sudan ilipiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya. Hapo hata chai ya Rwanda isiyo na kosa ikiwa na karatasi za Nairobi ingerudishwa.

Nyamira Juu
Na marufuku hiyo ilitoka wapi? Februari 2025 RSF, wapiganaji wanaopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao walikutana ukumbi wa KICC, wakatia saini mkataba wao Nairobi. Serikali ilisema inasaidia kutafuta amani, na serikali ya Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi la Sudan, ikaona vingine. Kila mtu na maoni yake kuhusu mkutano ule, lakini tusiuite msukosuko wa kigeni. Ukumbi uko City Square, katikati ya Nairobi.

Karani wa Kilindini
Hapo sina jibu. Makontena yaliyokuwa njiani kwenda Port Sudan hayakuwa na jibu pia.

Mchambuzi wa Mnada
Basi nibadilishe swali. Fundi, kiwanda cha magharibi kikitaka kurudi kwenye bei ya Kirinyaga, kianze wapi Jumatatu asubuhi? Wengine wanasema tugeukie chai ya othodoksi.

Fundi wa Kiwanda
Othodoksi haimsamehe mtu. Mashine zake zinakunja jani zima, kwa hiyo jani gumu linaonekana zaidi kuliko kwenye CTC. Kangaita walianza nayo wakiwa tayari na majani mazuri.

Anza kituoni. Chukua gramu 100 kutoka kila kapu, hesabu majani laini na magumu, andika asilimia kwenye risiti ya mkulima pamoja na kilo. Mwezi wa kwanza usimkate mtu, andika tu. Mwezi wa pili panga malipo ya kwanza kwa madaraja mawili. Magunia ya plastiki yapigwe marufuku siku hiyohiyo. Lori lipite mara mbili siku za wingi. Utapoteza wakulima wengine kwa lori la jirani, na kiwanda kitafanya kazi chini ya uwezo wake kwa miezi kadhaa, gharama ya kuni na umeme kwa kilo itapanda. Wakurugenzi wengi hufika mwezi wa tatu, wakaogopa kura za wakulima, wakafungua mlango.

Nyamira Juu
Madaraja mawili, tofauti iwe shilingi ngapi?

Fundi wa Kiwanda
Ipite kile ambacho mkulima anaongeza akichuma kwa pupa. Kama jani la tatu linampa robo ya uzito zaidi, tofauti ya shilingi mbili kwenye malipo ya 25 haimgeuzi mtu.