Kiitaliano: A1 na A2 kama kunywa maji, B1 imenigomea. Mliovuka mlivukaje?

tatu_wa_malindi:
Habarini wanajamvi. Niko mwaka wa 2 diploma ya utalii hapa pwani, lugha niliyochukua ni Kiitaliano maana huku kwetu Malindi ukikijua hulali njaa, hotelini wao, kwenye nyumba za kupangisha wao, kwenye maboti wao. A1, yaani ngazi ya kuanzia lugha, nilipita vizuri, A2 inayofuata pia, hadi wenzangu wakawa wananipigia simu usiku niwaelezee. Saa hii tumeingia B1 na nimekwama kabisa. Wiki iliyopita ticha katupa insha tueleze safari tuliyowahi kwenda, nikaandika "Ho andato a Lamu con mia sorella", yaani nilienda Lamu na dada yangu, karatasi imerudi wino mwekundu juu hadi chini, ati ni "sono andata". Haya bado kuna vile vineno vidogo, kuna ci, kuna ne, kuna glielo, nikimaliza kusoma moja lile la kwanza limeshatoka kichwani. Nataka nifike C1, ngazi ya juu, niombe chuo kule Italia. Hapa katikati mlivukaje na ilichukua muda gani? Naomba ukweli tu jamani.

nahodha_watamu:
Mdogo wangu pole, lakini shukuru unasahihishwa. Mimi natembeza wageni baharini mwaka wa 12 huu, Kiitaliano nimekiokota ufukweni, naongea hadi wageni wananiuliza nimeishi Milano mtaa gani. Nikaenda kufanya CILS ya B1, ule mtihani wa chuo cha Siena. Kuongea nikapita vizuri sana, kuandika nikapata 8. Kule kila sehemu ni alama 20 na lazima upate angalau 11 kila moja, hata upate 20 ya kuongea haikuokoi. Bahati nzuri zile sehemu ulizofaulu wanakutunzia miezi 18 kwa hiyo narudia kuandika tu. Na kosa langu kubwa ni herufi mbili mbili, mimi kwa wateja nilikuwa naandika "partiamo alle sete", nikimaanisha tunaondoka saa saba, kila siku, yaani sette ambayo ni saba naiandika sete ambayo ni kiu, na wageni walikuwa wananielewa hivyo hivyo, hakuna aliyewahi kuniambia, kosa likaota mizizi miaka yote hiyo. Kulitoa sasa hivi ni kazi kwelikweli.

mchizi_wa_kiwengwa:
Sarufi inawachosha bure, angalia muvi za Kiitaliano na upige stori na wageni, lugha ni mdomo

zuhura_umbria:
Kaka wa Kiwengwa, kwa kazi ya hoteli uko sahihi, ila huyu dada anataka chuo na nahodha ameshaeleza kilichompata.

Tatu mdogo wangu, mie nilianzia sifuri kabisa, nikamalizia Perugia kwenye chuo chao cha wageni, kimeanza kufundisha wageni tangu miaka ya 1920. A1 hadi B2 ilinichukua miaka miwili na nusu, C1 mwaka mmoja zaidi na huo nilikuwa naishi huko huko. Nikwambie kitu, A1 na A2 zilikuwa rahisi kwako kwa sababu Kiswahili kilikubeba. Irabu a e i o u karibu sawa na zetu, wao wanasema "ho vent'anni" sisi nina miaka 20, "ho fame" nina njaa, "ho sete" nina kiu, unahamisha tu. B1 ndipo mbeleko inapofunguliwa.

Hiyo essere, yaani kuwa, ndiyo inayotoa sono badala ya ile ho yako ya avere, yaani kuwa na; usiikariri kama orodha. Kwenda, kuja, kutoka, kuingia, kubaki, kuzaliwa, kufa, na vyote vya kujifanyia mwenyewe kama lavarsi, kujiosha, na svegliarsi, kuamka, vinachukua essere, na ukishaweka essere kitenzi kinamfuata mwenyewe kama ngeli zetu: kiti kimeanguka, viti vimeanguka. Juma è andato, Tatu è andata, le ragazze sono andate. Mtu anayesema "viti imeanguka" linavyokukwaruza sikio, ndivyo Mtaliano anavyosikia "Tatu è andato". Ila angalia, viaggiare, kusafiri, na camminare, kutembea, zinachukua avere ingawa ni mwendo, hapo nililia sana.

Ci mara nyingi ni "huko" yetu: unaenda sokoni? Ci vado. Glielo inasumbua kwa sababu sisi tukisema "nimempa" yule mtu yupo ndani lakini kile kitu hatukitaji, mwenzetu lazima avitaje vyote viwili, gliel'ho dato, nimempa hicho. Jizoeze kila ukisema nimempa, nimemwambia, nimemletea, ujiulize kitu gani.

Na nikutayarishe kwa B2, kuna congiuntivo, umbo la kitenzi kama "aje" yetu. "Voglio che venga", nataka aje, hiyo unayo tayari tangu utotoni. Lakini "penso che venga" sisi twasema nadhani anakuja, hakuna "aje" hapo, kwa hiyo penso, nadhani, credo, naamini, na mi sembra, naona, ziandike ukutani kabisa.

Herufi mbili nilisaidiwa na mama mwenye nyumba wangu. Kila nikisema nonno, babu, ikatoka nono, ya tisa, alikuwa anagonga meza kwa kidole, non, anasubiri, no. Hadi leo nikitamka nasikia ile meza.

Halafu kozi zinazofundishwa kwa Kiitaliano vyuo vingi vya kule wanataka B2, kwa hiyo C1 isikutishe sasa. Kila siku andika mistari kumi kwa mkono, mtu aisome.

bakari_dsm:
Kwenye hilo la mtu wa kusoma, chuo cha L'Orientale kule Napoli wanafundisha Kiswahili. Mimi nilipata mwanafunzi wa huko, Jumatatu namwandikia Kiitaliano ananisahihisha, Alhamisi ananiandikia Kiswahili namsahihisha. Yeye ngeli zinamtoa jasho kama essere inavyokutoa wewe, kwa hiyo hakuna anayemwonea mwenzie haya.

tatu_wa_malindi:
Dada Zuhura Mungu akubariki, hilo la viti nimelielewa palepale. Nimeandika upya, naomba uangalie: "Sono andata a Lamu con mia sorella, ci siamo rimaste tre giorni. Al mercato abbiamo visto i pesci e ne abbiamo comprato tre." Yaani nilienda Lamu na dada yangu, tukakaa huko siku tatu, sokoni tukaona samaki tukanunua watatu.
Na kaka Bakari nakuja inboksi.

zuhura_umbria:
Sentensi ya kwanza safi kabisa, na rimaste umeiweka ya wanawake wawili bila kuambiwa. Ya pili ni "ne abbiamo comprati tre". Avere kwa kawaida haifuati mtu, lakini ne, yaani kati ya hao, ikishatangulia mbele, hao samaki watatu wanakivuta kitenzi. Kesho niletee ya embe, mango, na ya machungwa, arance, tuone kama kwa machungwa comprate itatoka yenyewe.

nahodha_watamu:
Mie pia naleta zangu hapa kesho dada, kwa ruhusa yako.