Kusi imekaza, kitoweo hakuna: nawalishaje watu saba kwa shilingi 300?

mama_wa_wanne
Assalaam alaykum wapendwa. Niko Langoni, Lamu. Mume wangu ni mvuvi, na tangu upepo wa kusi ukaze mashua imepandishwa juu, wiki ya tatu sasa. Tuko saba: sisi wawili, mama mkwe na watoto wanne, wa mwisho ana miezi tisa. Kwa siku napata shilingi 300, siku nyingine hazitimii.

Sisi ni watu wa wali na samaki. Mchele nanunua nusu kilo, mafuta ya kupima, makaa kopo kopo. Ikifika alasiri pesa imekwisha, na watoto wanaulizia cha usiku. Jana tulikunywa chai kavu na viazi vitamu. Nikamwona mama mkwe anamsogezea mjukuu kipande chake, akasema ameshiba. Nilishindwa kumeza.

Ndani nina mbaazi kavu kilo mbili, unga wa mahindi kidogo, nazi tatu, ng'onda mmoja (samaki mkavu wa chumvi), chumvi na ndimu. Nifanyeje vifike mbali? Dukani nina deni tayari, sitaki kuongeza.

bi_wa_mkomani
Wa alaykum salaam mwanangu. Pole sana. Una mbaazi na nazi, basi una chakula.

Usiku huu pima mbaazi nusu kilo, chagua mawe, roweka mpaka asubuhi. Maji yale mwaga. Vunja nazi moja, ukune nusu tu. Ile nusu ya pili iache ndani ya kifuu mpaka kesho, maana ikishakunwa kwa joto hili inachacha upesi. Kamua tui zito kikombe kimoja, weka kando. Machicha yatie maji ya vuguvugu, ukamue tena, na hilo tui jepesi ndilo la kuchemshia mbaazi zikishaanza kulainika. Chumvi mwisho. Tui zito linaingia wakati unakaribia kuepua, moto mdogo, huku unakoroga lisikatike.

Ng'onda usimpike mzima. Kata kipande cha vidole viwili, roweka kipungue chumvi, choma juu ya makaa, ponda, utie kwenye mbaazi. Harufu inaenea sufuria nzima, na watoto hawatasema hakuna kitoweo. Ng'onda mmoja akupe siku nne au tano.

kijana_wa_shela
Mimi ningeziacha hizo nazi, niziuze ninunue unga. Mbaazi hata kwa maji na chumvi zinalika.

bi_wa_mkomani
La, baba, hapo sikubaliani nawe. Nyumba isiyo na mafuta wala samaki, tui ndilo mafuta yao. Mtoto anayekula sima na mbaazi za maji anarudi kuulizia chakula baada ya saa moja.

msaga_unga
Dada, mimi naona pesa yako inavujia kwenye kopo na nusu kilo. Zungumza na majirani wawili watatu, mchange kidogo kidogo. Mahindi makavu ya Mpeketoni yanavuka kutoka Mokowe. Nunueni pamoja, mgawane, kila mtu apeleke yake mashineni. Unga wa mashine usiokobolewa unashibisha kuliko wa pakiti. Ila usisage mwingi, unachacha. Saga wa wiki moja.

Na makaa: mbaazi ulizoroweka zikichemka nusu saa, funika sufuria vizuri, izungushie blanketi kuukuu, itie ndani ya kikapu kilichojazwa matambara. Baada ya saa tatu nne zinakuwa laini, umalizie na tui. Makaa yaliyobaki yapikie sima. Siku ya maharagwe mekundu, yaache kwanza yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kuyafunika. Joto dogo peke yake haliyafai, yanaumiza tumbo.

mhudumu_malindi
Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Malindi. Nimesimama kwenye huyo wa miezi tisa. Uji wa maji na unga mtupu unajaza tumbo lakini haumjengi. Endelea kumnyonyesha, na uji wake uwe mzito: tia mbaazi ulizoponda na kuchuja maganda, na kijiko cha tui. Kliniki wampime uzito na unene wa mkono.

Kwa wengine, mbaazi na sima kwenye sahani moja zinasaidiana kujenga mwili. Kamulia ndimu juu yake, inasaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, inayazuia. Ngojeni saa moja.

mama_wa_wanne
Nimerudi. Nimefanya ya kikapu, saa saba nimefunua zimeiva, na makaa yamebaki ya uji wa asubuhi. Kijana wangu mkubwa amefuta sahani kwa tonge la mwisho. Nimezungumza na jirani wawili, wamekubali kuchanga kuanzia Ijumaa. Mwingine amenipa fungu la mchunga. Sijawahi kuupika, naogopa uchungu wake.

bi_wa_mkomani
Uchemshe, maji ya kwanza umwage, ukamue kwa mkono. Changanya na majani ya kunde au mchicha, mchunga uwe mchache, kisha utie tui. Na mama mkwe mpakulie yeye kwanza, sahani yake peke yake, ukae naye mpaka amalize.