Huyu muuza samaki mnayemjua kaniuliza "ila si walishiba?" Nimeishiwa nguvu

Wakuu habari za jioni, kwangu mbaya. Simu nimekata sasa hivi mikono inatetemeka, nisipoandika hapa namwaga tanki zima barabarani.

Ni yule jamaa yetu. Simtaji, mnamjua, yule wa "mdogo wangu we niamini mimi", ukimuuliza pH, yani uchachu wa maji, anakujibu bei.

Nina tanki la samaki wa mapambo la lita 240, ndani mbuna 15, samaki wababe kabisa wa Ziwa Nyasa, wenyewe kwa wenyewe wananyofoana mapezi. Vioo vikaanza kuota utando wa kijani, nikaenda kwake nikamwambia kaka nina mbuna, M-B-U-N-A, nataka mdudu wa usafi ambaye haliwi. Akasema mdogo wangu we niamini mimi, hawa hata mamba hawagusi. Kanifungia kamba wadogo wekundu 12 kwa elfu tatu tatu na konokono 6 wale wa njano elfu tano tano. Elfu 66 hiyo.

Wakuu, mfuko sikumaliza hata kuumimina. Kamba wa kwanza hakuiona kokoto. Wa pili akakimbilia nyuma ya filta, kumbe huko kuna foleni inamsubiri. Lile dume la bluu likaja kwenye kioo na mkia wa kamba unaning'inia mdomoni, linaniangalia kama linauliza chachandu iko wapi. Dakika nne, kamba 12. Konokono ndo waliteswa, kila wakitoa pembe zinang'atwa, wakajifungia ndani ya magamba mpaka wakaoza, sebule ikanuka soko la samaki saa nane mchana, mgeni kaja kaaga kabla ya chai.

Sasa leo nampigia kiungwana namsimulia msiba wote. Kimyaaa. Halafu ananiuliza: "Ila si walishiba?"

ILA. SI. WALISHIBA. Na alikuwa kaniweka spika, nimesikia watu nyuma wanacheka mpaka mmoja anapaliwa. Angenitukana tu ningelala.

Kokoto Nyeusi: Pole mkuu. Ila kweli, walishiba?

Mama Gapi: Mleta uzi, mbuna huko ziwani maisha yao ni kukwangua mwani kwenye mawe. Yani una mafundi usafi 15 ndani ukaenda kuwatafutia vibarua. Unawalisha mara ngapi kwa siku na taa unazima saa ngapi?

Mleta uzi: Mara tatu, taa nazima nikienda kulala, ila hiyo siyo mada dada yangu. Mada ni mtu mzima kuniuliza kama walishiba.

Mama Gapi: 😂😂 basi huo mwani umeulima mwenyewe na mbolea ukaweka. Lisha mara moja, wakishiba pelete nani akwangue kioo? Taa masaa 8 inatosha, na robo ya maji utoe kila wiki, hiyo hakuna mdudu atakufanyia. Ukitaka konokono tafuta wale wembamba kama skrubu, mchana wanajifukia mchangani, usiku mbuna wamelala ndo wanatoka kula mabaki. Njoo nikupe kikombe bure, kwangu wamezaana mpaka kero.

Mtoto wa Mbamba Bay: Sisi huku Ziwa Nyasa hao samaki tunaoga nao, wanatudonoa miguu. Nyie mnawanunulia tanki mnawawekea na wafanyakazi wa ndani. Mjini kuna mambo.

Oska Mtukutu: Afadhali wewe. Mimi huyohuyo jamaa aliniuzia samaki wa kunyonya vioo, eti "huyu anabaki hivihivi kidole kimoja". Leo ana futi moja na ushee, kioo hagusi, usiku anamganda samaki wangu oska ubavuni anamnyonya ute. Oska kawa na madoa kama kaunguzwa na pasi.

Kokoto Nyeusi: Huyo naye si alishiba?

Gogogo Wangu: Ninyi wote watoto. Nilichukua gogogo wa madoa, kambare wa Ziwa Tanganyika, wale kweli mbuna hawawawezi, wana miba na hawana aibu. Sasa jike langu la mbuna kabeba mayai mdomoni, ndo wanavyoatamia, kama wiki tatu, hali, kakonda, mi namwonea huruma nikamhamishia ndoo yake peke yake. Siku ya kutema katema vigogogo sita. Gogogo walichomeka mayai yao humo, vitoto vyao vikaangua vikala ya mwenye mdomo. Nimelea watoto wa watu.

Mtoto wa Mbamba Bay: Hiyo chai. Leta picha.

Gogogo Wangu: Picha ninazo ila simu iko kwa shemeji.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mtu kaniweka SPIKA. Elfu 66 kamba ningekula mwenyewe na nazi.

Mama Gapi: Shemeji usinitajie kabisa. Wangu kakaa wiki mbili, siku ya kuondoka kataka kunisaidia, kaosha kokoto na sponji ya filta kwa sabuni ya unga. Ya LIMAU. Samaki 40.

Oska Mtukutu: Hapana 😭 shemeji wa upande gani?

Mama Gapi: Wa upande wa mume. Na mpaka leo anasema kilichowaua ni maji ya bomba.

Kokoto Nyeusi: Fungua uzi wake dada, huyu wa kamba tumeshamaliza.