Naomba ushauri: msimamizi wa wosia wangu kahamia Muscat, nimbadilishe?

Wakuu, habari zenu. Wosia wangu niliuandika 2016 nikauhifadhi RITA (wakala wa serikali unaotunza wosia), nikamtaja binamu yangu kuwa msimamizi wa mirathi. Tangu hapo nimenunua kiwanja Kigamboni, tumepata kitinda mimba, na binamu kahamia Muscat, Oman. Namba yake ya zamani haipatikani, salamu zinapitia kwa shangazi. Mama watoto anasema nimtafute tu, yatosha. Mimi naona msimamizi asiyejua hata hati ya kiwanja iko kwenye droo gani atahangaika sana, na mahakamani lazima aende ndipo athibitishwe.

Je, niandike upya na kumtaja wa akiba? Na nyie wasimamizi wenu mnawaeleza mali zote? Naogopa, maana ndugu hawakawii kugawana mtu akiwa hai.