Tupeane uzoefu: magitaa ya umeme, mbao za fretibodi na ubora wa utengenezaji

SoloKavu
Wakuu, salaam. Leo nimepita Kariakoo kwenye duka moja la vyombo vya muziki, nikamkuta kijana anapitisha kidole ukingoni mwa shingo ya gitaa la umeme. Kila akigusa freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) anakunja uso. Ncha zote zimechomoza nje ya mbao. Muuzaji anamwambia, "Ni jipya hilo, utalizoea." Nikamvuta kijana pembeni. Freti zilizochomoza hazizoeleki. Maana yake shingo ilifungwa freti kabla mbao haijakauka sawasawa. Ikaja ikasinyaa kwa upana, na chuma hakisinyai.

Basi tupeane uzoefu hapa. Fretibodi ya gitaa lako, yaani ule ubao wa juu ya shingo unaobonyezea nyuzi, ni mbao gani, imekufanyia nini, na ukishika gitaa dukani unaanza kuangalia wapi? Jina lililoandikwa kichwani tuliweke kando kwanza. Nimeshapiga magitaa ya bei ndogo ambayo freti zake zimesuguliwa mpaka raha, na nimeshika ya mamilioni ambayo nati (kile kipande cha karibu na kichwa kinachopitisha nyuzi) imechongwa ovyo: ukipandisha uzi wa tatu unakwama, unatoa "ting!", tayari umeshapita sauti uliyoitaka.

Besi_wa_Mbagala
Nakuunga mkono mkuu. Nati ndiyo inaua magitaa mengi mjini hapa, watu wanasingizia vifungio vya kichwani.

MamaKwaya
SoloKavu umenikumbusha Dodoma, kaka yangu, ngoja niseme.

Mimi napiga solo kwenye kwaya. Gitaa langu nilianza nalo Tanga, fretibodi ya mbao ya rozwudi, shingo imetulia, sikuwahi kulifikiria. Uhamisho wa kazi ukanileta Dodoma mwanzoni mwa kiangazi. Wenyeji wanaujua huo upepo: midomo inapasuka, milango iliyokuwa inabana inaanza kufunga yenyewe. Gitaa likaanza kulia "zzz" kwenye freti za mwanzo. Nikabadilisha nyuzi, wapi.

Ukafika mkutano wa injili uwanjani. Watu wamejaa, mwalimu wa kwaya amepandisha kasi kuliko tulivyofanya mazoezi. Kuna mahali nashuka kutoka freti ya tisa mpaka ya pili kwa mtelezo mmoja. Nikashuka. Nikasikia kitu kama wembe kimepita chini ya kidole cha shahada. Sikuacha kupiga, wimbo ulikuwa katikati na solo ndiyo iliyokuwa inawaongoza sauti ya pili. Nilipoangalia chini, damu imeingia kwenye vinyweleo vya ile rozwudi, na uzi wa kwanza unateleza. Nilimaliza nyimbo zote. Kovu ninalo mpaka leo.

Fundi aliyenisaidia hapa alifanya mambo mawili. Kwanza alilegeza trasi rodi (chuma cha ndani ya shingo kinachorekebisha mpindo wake) robo mzunguko, akaacha gitaa lilale usiku kucha, ndipo akapima tena. Alinieleza kwamba hewa kavu imeivuta shingo ikapinda kwa nyuma, ndiyo maana freti za mwanzo zilikuwa zinalia. Pili alibandika selotepu ya karatasi juu ya mbao, akapitisha faili laini kwenye kila ncha ya freti, moja moja, pande zote mbili. Tangu hapo gitaa nalilaza kwenye sanduku lake, na pembeni naweka sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa sana, ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu. Kiangazi kinapita salama.

Kijana_Ridhimu
Pole sana dada. Jaribu na mafuta ya nazi kwenye fretibodi, mimi napaka, mbao inang'aa vizuri.

FundiMpingo
Hapana, mafuta ya nazi msipake. Hayakauki, yanachacha, halafu vumbi na jasho vinaganda pembeni ya freti. Ukitaka kulisha rozwudi au eboni (ile mbao nyeusi) tumia mafuta ya madini mepesi yasiyo na manukato, matone machache, subiri kidogo, futa yote. Mepo, ile mbao nyeupe, ikiwa imepigwa vanishi usiipake chochote, vanishi ndiyo ngozi yake. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Kijana_Ridhimu
Bibi yangu Pangani anapaka nazi kwenye kila kitu, hakijachacha hata kimoja 😂

FundiMpingo
Msalimie bibi. Gitaa usimpe.

RumbaKisumu
Wadau, hamjambo. Niko Kisumu, napiga benga na rumba. Hii ya damu imenigusa, lakini yangu ilikuwa nyeusi.

Nilinunua gitaa Nairobi, muuzaji akaniapia kwamba fretibodi ni eboni. Nyeusi tii, haina hata mstari. Mazoezini lilikuwa sawa kwa sababu tunafanya jioni, kuna upepo wa ziwa. Kisha tukaalikwa harusi, saa nane mchana, hema la plastiki, joto lile la kukata pumzi. Bendi nzima tumeshonewa mashati meupe.

Wimbo wa kwanza sawa. Wa pili jasho likaanza kutiririka mpaka viganjani. Tulipoingia ile sehemu ya kuzungusha gitaa, bibi harusi akainuka kuja kututunza. Akaja na noti zake, akamtunza mwimbaji, akaja kwangu. Alikuwa amefurahi sana, akanishika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, na amevaa glavu nyeupe. Akauachia. Glavu zote mbili zina alama za vidole, nyeusi kabisa, na nyingine moja kifuani kwa gauni, maana alijishika kifua kwa mshtuko.

Muziki ukafa wenyewe. Nikatazama vidole vyangu, utafikiri nimetoka kupiga alama za kituo cha polisi. Shangazi mmoja akasimama akasema hiyo ni nuksi, bendi iondoke. Kiongozi wetu ndiye aliyeokoa siku: aliomba beseni na sabuni, akaninawisha mbele ya watu wote, maji yakageuka wino, akawaonyesha kwamba ni rangi ya gitaa. Bibi harusi akavua glavu akasema, "Pigeni." Tukapiga, mimi nikiwa nimeazima gitaa la ridhimu.

Nyumbani nililegeza nyuzi nikachunguza. Pale mwisho wa fretibodi karibu na pikapu (kinasa sauti cha gitaa), ndani ya mfereji wa freti ya mwisho, mbao ni nyeupe kama mkate. Walipaka rangi juu, hawakuifunga na chochote.

Besi_wa_Mbagala
Shangazi alikubali???

Totoo_wa_Lindi
Na gauni je? Lilitoka?

Kijana_Ridhimu
Mkuu tuambie kuhusu shangazi.

RumbaKisumu
Gauni sijui, sikuthubutu kuuliza. Shangazi alicheza mpaka tunafungasha vyombo.

SoloKavu
Wakuu, turudi kwenye mbao. RumbaKisumu pole sana ndugu yangu. Huyo muuzaji alikudhulumu na amewadhulumu wengi.

FundiMpingo
Niongeze kitu, maana watu wataanza kuogopa kila fretibodi nyeusi. Eboni ya kweli nayo mara nyingi hupakwa rangi, kwa sababu miti mingi ina michirizi ya kahawia na wanunuzi wanataka weusi mtupu. Hata magitaa ya bei kubwa yamo. Tofauti ni kwamba rangi nzuri inazama kwenye mbao na inakaa. Kupima: kitambaa cheupe, tone la spiriti, sugua mwisho wa fretibodi mahali pasipoonekana. Kikitoka cheusi tii, rudisha. Kwenye mbao yenye vanishi usifanye, spiriti inaweza kuiharibu.

Elektro_Msasani
Mimi nasema hii habari ya mbao tunaikuza. Gitaa la umeme linasikilizwa na pikapu. Pikapu ni sumaku na waya uliozungushwa, inahisi uzi wa chuma unavyotikisika. Haina habari kama chini kuna rozwudi, mepo au plastiki ngumu. Weka pesa kwenye pikapu na amplifaya.

Mzee_wa_Dansi
Kijana, uzi unatikisika ukiwa umekaa juu ya nini? Ukibonyeza uzi unaukandamiza kwenye freti, freti imekaa kwenye mbao, mbao imeshikana na shingo. Shingo legevu inakula sauti. Mimi nimepiga jukwaani kabla hujazaliwa, masikio yangu yananiambia mepo inajibu haraka na rozwudi inalainisha.

Elektro_Msasani
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo unalinganisha magitaa mawili tofauti: pikapu tofauti, nyuzi tofauti, hata urefu wa uzi tofauti. Magitaa mengi ya kampuni ya Fender ni milimita 648 kutoka nati hadi brija (pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa), ya Gibson mengi ni kama 628. Hiyo peke yake inabadilisha mkazo wa nyuzi na sauti. Unajuaje kwamba ni mbao?

Mzee_wa_Dansi
Marahaba. Nimebadilishiwa shingo kwenye gitaa lile lile, mwanangu, pikapu zile zile. Nilisikia.

Elektro_Msasani
Na freti zilikuwa mpya, na nati mpya?

Mzee_wa_Dansi
Zilikuwa mpya. Bado nasema nilisikia.

Ila niwaambie jambo ambalo hamlijui. Enzi zetu, siku za Mbaraka Mwinshehe, vyombo vilikuwa mali ya bendi. Kama si vya shirika, ni vya tajiri. Mpigaji akiondoka kwenda bendi nyingine anaacha gitaa hapo hapo, kesho analishika mwingine. Ndiyo maana kizazi chetu kina mabingwa wa solo ambao hawajawahi kugusa trasi rodi. Sasa kila kijana ana lake, na hakuna aliyemfundisha kulitunza. Mjadala huu ni wa maana.

Besi_wa_Mbagala
Kwenye sauti Elektro yuko sahihi, kwenye mkono mzee yuko sahihi. Mepo yenye vanishi kwa jasho la Dar inanata, mkono hautelezi. Rozwudi haina shida hiyo. Nachagua kwa mkono.

Totoo_wa_Lindi
Wanasimulia hata Fender waliondoka kwenye mepo kwa jambo la karibu na hilo. Magitaa yao ya miaka ya 1950 vanishi ilikuwa inachubuka chini ya vidole, mbao inabaki na uchafu unaoonekana jukwaani. Kufika 1959 wakahamia rozwudi kwenye magitaa yao mengi, mepo ikarudi baadaye.

Mpemba_Muscat
Assalaam alaykum. Huku kwetu Muscat tabu ni mbili kwa siku moja: nje bahari na unyevu, ndani kiyoyozi usiku kucha. Shingo haijui ifuate lipi. Nimejifunza kutoliegesha gitaa ukutani karibu na kiyoyozi. Linakaa sandukuni, na ndani yake nimeweka kipimo kidogo cha unyevu. Kikicheza kati ya asilimia 45 na 55 nalala usingizi.

Kisa changu ni cha karatasi. Mwaka 2018 niliagiza gitaa Ulaya, fretibodi rozwudi. Likazuiwa. Wakati ule CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ilikuwa imeziweka rozwudi zote za jenasi Dalbergia kwenye orodha yake ya pili tangu Januari 2, 2017, kila kipande kinataka kibali. Nikangoja mpaka nikachoka, mwishowe nikachukua jingine lenye fretibodi ya pao fero, mbao ambayo Fender walikuwa wameshaanza kuiweka kwenye magitaa yao ya Meksiko badala ya rozwudi. Rangi yake imepauka kidogo, lakini wallahi haijanisumbua. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaachiwa, ila rozwudi ya Brazil bado imebanwa, hiyo iko kwenye orodha ya kwanza tangu 1992.

Elektro_Msasani
Hayo ya karatasi si mchezo. Marekani maofisa waliingia kwenye majengo ya Gibson 2009 na tena 2011 kwa ajili ya mbao za eboni na rozwudi kutoka Madagaska na India. Mwaka 2012 kampuni ikakubali kulipa dola 300,000 suala liishe.

MamaKwaya
Sasa mimi nauliza. Mpingo wetu uko wapi kwenye haya yote? Clarinet za Ulaya (aina ya zumari) zinachongwa kwa mpingo wa kusini mwa nchi yetu. Kwa nini fretibodi tunaletewa mbao nyeupe zilizopakwa wino?

FundiMpingo
Dada, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mimi niko Mtwara, nachonga mpingo tangu ujana. Mpingo ni Dalbergia, ndugu wa damu wa rozwudi, na ni mgumu na mzito kuliko rozwudi ya India. Ukiutupa majini unazama. Kilwa vijiji vilipata cheti cha FSC (shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri) mwaka 2009 kwa kusimamia misitu yao wenyewe, kwa hiyo mpingo halali unapatikana, si lazima uibwe.

Kazi yake ndiyo ngumu. Mti hukua polepole mno na mara nyingi umepinda, kupata kipande kilichonyooka cha sentimita 50 kwa 7 unatupa mabaki mengi. Ukiukausha kwa haraka unapasuka, kwa hiyo napaka nta kwenye ncha mbili, nauweka kivulini, nasahau. Una mafuta, gundi haishiki mpaka uufute kwa asetoni dakika chache kabla ya kuunganisha. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua, usiusugue bila barakoa. Na mfereji wa freti uchongwe kwa upana kamili, maana mpingo haubonyei. Ukilazimisha freti, shingo inapinda kwa nyuma.

Mzee_wa_Dansi
Fundi, mungu akubariki. Mimi ningependa kupiga mpingo kabla sijaondoka duniani.

SoloKavu
Fundi, una vipande vilivyokauka sasa hivi? Na mtu atajuaje mifereji imepimwa vizuri?

FundiMpingo
Vipo vichache. Pima kutoka nati hadi katikati ya freti ya 12. Kwa gitaa la milimita 648 lazima upate 324. Ukikuta 322 au 326, hakuna kukaza wala kulegeza kutakakoliokoa, kila kodi (nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja) itakuwa na uzi unaolalamika. Hicho ndicho kipimo cha kwanza hata dukani, nendeni na futi yenu.

RumbaKisumu
Kipande kimoja kinafika Kisumu kwa bei gani? Kiwe hakijapakwa chochote.

FundiMpingo
Nitumie ujumbe pembeni, nikupigie picha ya pande zote, na ya ndani ya mfereji.

Kijana_Ridhimu
Na mimi nahitaji kimoja. Nazi nimeacha.