Probox mbili, injini ile ile ya 1NZ, lakini yangu haipandi Mazeras. Nibadilishe injini?

Mzigo_Kongowea:
Salaam wanajamvi. Mimi na binamu yangu kila mmoja ana Toyota Probox ya umbo la zamani. Zote 1NZ, zote otomatiki, zote twapelekea mzigo Mariakani. Yake yapanda mlima wa Mazeras na magunia kama haibebi kitu. Yangu tukishapita Miritini tu, gia yarudi chini, injini yanguruma na mwendo hakuna, mpaka malori yanipita. Na petroli yala zaidi. Plagi mpya, oili mpya, filta ya hewa mpya. Makanika asema injini imechoka, anitafutie ya mtumba ya Japani. Kiwanda kimoja, injini moja, mbona nguvu si sawa? Na je, nitoe pesa?

Mswahili_wa_Kibokoni:
Punguza viazi, shekhe 😂

FundiJomvu:
Usitoe hata shilingi bado. Fungua boneti usome kibao cha modeli. NCP51 ni injini ya lita 1.5. NCP55 pia ni 1.5 ila yavuta magurudumu yote manne, kwa hivyo ni nzito zaidi. NCP50 ni 1.3, injini ya 2NZ. Halafu usome na maandishi yaliyochongwa kwenye bloki, maana 1NZ na 2NZ kwa nje ni mapacha. Tundu la silinda ni mm 75 kwa zote mbili, tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni: mm 84.7 kwa 1NZ, mm 73.5 kwa 2NZ. Hiyo huioni kwa macho. Kama gari iliwahi kubadilishwa injini kabla hujainunua, kibao chaweza kusema 51 na ndani mna 1.3.

Mzigo_Kongowea:
Nimetoka kuangalia. Kibao NCP51, bloki 1NZ.

Kamau_wa_Eastleigh:
Mimi yangu huku Nairobi pia ni mvivu, nafikiri 1NZ zote ndivyo zilivyo.

FundiJomvu:
Wewe uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kaka. Mgandamizo wa hewa huko uko chini kwa karibu moja ya tano, na injini isiyo na tabo hukosa nguvu kwa kiasi kama hicho. Hawa wawili wote wako hapa chini, wavuta hewa moja.

BintiChangamwe:
Kaka Mzigo, nikujibu swali lako la kwanza. Hata siku zinapotoka kiwandani injini mbili hazilingani kabisa. Pistoni, ringi na valvu huruhusiwa kupishana kwa sehemu ndogo sana za milimita, basi nguvu hutofautiana asilimia chache. Hilo dereva hahisi. Linalohisiwa ni miaka iliyofuata: aliyechelewesha oili, aliyeendesha rejeta ikiwa kavu, aliyebadilisha sensa ya hewa kwa ile ya bei rahisi.

Injini kuchoka si neno la kukisia, hupimwa. Ipashe moto, toa plagi zote nne, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata huku geji ya mgandamizo imefungwa silinda moja moja. 1NZ nzima huwa karibu psi 213 (psi ni kipimo cha mgandamizo), na isishuke chini ya 156. Muhimu zaidi, silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Ikiwa moja iko chini, tia oili kidogo humo upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, tazama valvu.

Kisha toka nje ya injini. Katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) iliyoziba hunyonga gari mlimani. Tairi kubwa kuliko za asili hupunguza nguvu ya kuvuta. Breki inayoshika je? Na niambie, thamostati, ile valvu ya maji ya kupozea injini, ipo?

Mzigo_Kongowea:
Dada, ahsante sana. Nimepeleka kwa fundi mwengine. Geji: 180, 175, 180, 170. Gurudumu la nyuma kushoto ukishuka tu huliwezi kwa mkono, lachoma, mengine ni vuguvugu. Na thamostati haipo, kumefungwa patupu. Yule makanika wa kwanza ndiye aliyeitoa, alisema Mombasa joto, haina kazi.

BintiChangamwe:
Injini yako basi haijachoka! Zote ziko juu ya 156, na ya juu na ya chini zapishana 10 tu.

Hilo la thamostati lanichosha, gereji nyingi mno husema hivyo. Kazi yake ni kuzuia maji mpaka yafike karibu digrii 82. Ukiitoa, barabarani injini hukaa baridi, kompyuta yadhani ndiyo kwanza imewashwa, yaongeza petroli. Otomatiki nayo huchelewa kuingia gia ya juu. Joto la Mombasa halifiki digrii 82 hata Februari.

FundiJomvu:
Na hiyo breki ndiyo iliyokula nguvu zako Mazeras. Fungua dramu, tazama silinda ndogo ya breki na kebo ya hendbreki. Usipande na mzigo kabla haijaachia, si salama.

Mzigo_Kongowea:
Naifungua kesho. Thamostati nimeshaagiza. Nikimaliza twapanda pamoja na binamu tuone.

BintiChangamwe:
Magunia yalingane, upepo wa tairi ulingane, AC zote zizimwe. Halafu mbadilishane magari, yeye aendeshe yako. Wengine hukanyaga mafuta kwa woga.

Mswahili_wa_Kibokoni:
Nilisema tangu mwanzo, viazi.